Ombi la Kumfukuza Mke Wangu Gredi ya Tano

Zachariah Mwaura,
Ploti iliyopakana na shule,
Uthiru.

Kwa Madam Rael,
Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya Mtazamo Mpya,
Uthiru.

Kwako Mwalimu Mkuu,

KUH: UBAO WENU UNAOSEMA, NA MKE WANGU

Pokea salamu kutoka upande wa pili wa ukuta. Mimi ni mzima, kwa kiasi ambacho jirani wa shule yako anaweza kuwa mzima.

Unanijua. Mimi ndiye mzee mwenye nyumba za kupangisha hapo kando, niliyekuwa karani wa mahakama hadi nilipostaafu. Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa darasa lenu la Gredi ya Tano. Kwa miaka mingi tuliishi vyema. Mwalimu alisema neno, watoto wakalirudia, akalisema tena, wakalirudia kwa sauti ya kuchoka zaidi, nami nikasinzia kwenye kochi hadi saa ya chai. Hiyo ndiyo elimu niliyoijua, na haikumdhuru mtu.

Halafu mwezi wa Januari pikapu ikaleta kitu kilichofungwa blanketi, kipana kama mlango wa bucha. Uliwaita wazazi ukawahutubia. Nilisikia, maana mimi nasikia kila kitu. Ulisema ubao huo una picha, video, sauti na maswali, kwamba mtoto anaugusa nao unamjibu, na kwamba ni ubao mwerevu. Madam, nimefanya kazi na mahakimu, mawakili na mashahidi wa kila aina. Yeyote anayetangazwa kuwa mwerevu kabla hajafungua kinywa hunitia shaka, na ubao wako haukukawia kunithibitishia.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa uzito, lile jepesi kwanza.

1. Kuhusu simba.

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nimejipaka povu la kunyolea ndevu, simba akanguruma ndani ya ukuta wangu. Upande huu wa Nairobi tunajua kwamba simba hutoroka mbugani siku nyingine wakatembea mitaani, kwa hiyo sikupoteza wakati kufikiri. Nilifunga mlango wa jikoni, nikapanda juu ya meza, nikawapigia simu askari wa wanyamapori. Walikuja upesi, na kwa hilo nawashukuru, wakiwa na gari na bunduki, huku nusu ya Uthiru ikiwafuata nyuma.

"Mzee, hiyo simba iko wapi?" mkubwa wao akaniuliza.

Nikamwonyesha ukuta. Tukasimama sote tukiutazama. Kutoka ukutani zikaja sauti za darasa zima zikisema kwa pamoja, "Simba ni mla nyama."

Askari yule akanitazama, akalitazama povu langu, akaandika kitu kwenye simu yake, wakaondoka. Mpaka leo vijana wanaokaa pale duka la kona hunisalimia, "Niaje, Simba." Zamani nilikuwa nikiitwa Karani.

2. Kuhusu ng'ombe wangu.

Wiki iliyofuata ubao ukafundisha mifugo, na ndama akalia kwenye spika zenu. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye ndama wake alikuwa ameuzwa majuzi tu. Mnyama yule aling'oa mlango wa zizi, akapita mbele ya askari wenu wa lango ambaye alimpisha kama mkaguzi wa elimu, akaenda kusimama mlangoni pa Gredi ya Tano akiita.

Mwalimu mwenye akili angemrudisha kwangu. Mwalimu Maxwell, huyo kijana wenu mwenye shati lililopigwa pasi na uso usio na haya, aliwageukia watoto akasema, "Vizuri sana. Sasa tulinganishe." Wakamlinganisha. Ng'ombe alirudi nyumbani jioni akiwa amebandikwa vikaratasi mwili mzima: PEMBE, KWATO, KIWELE, MKIA. Nilivibandua mwenyewe kimoja kimoja huku wapangaji wakinitazama kutoka ghorofani. Nakubali kwamba tahajia ilikuwa sahihi. Hilo haliondoi kosa.

3. Kuhusu makofi.

Mtoto akipatia, ubao unampigia makofi. Akikosea, unalia kengele ndogo tamu na kumwambia, "Jaribu tena." Mahakamani sikuwahi kumwona aliyekosea akiambiwa ajaribu tena. Aliambiwa tarehe. Mnalea watu ambao siku moja watasimama mbele ya hakimu wakingojea kengele tamu.

Nina mpangaji anayeitwa Nzembi, muuguzi wa zamu za usiku, ambaye mchana angepaswa kuwa amelala. Nilimwendea nikitaka atie sahihi malalamiko haya. Akaniambia makofi hayamsumbui. Akaniambia kwamba wodini kwao hakuna anayempigia mtu makofi, kwa hiyo akiyasikia akiwa nusu usingizini hujichukulia kuwa ni yake. Ndivyo ubao wako unavyoharibu hata watu wazima wenye vyeti.

4. Kuhusu Wahu.

Hapa nakuomba usome polepole.

Wahu ni mke wangu, tuliyefunga naye ndoa kanisani. Aliachia masomo darasa la tano, mamake alipougua na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia. Hakuwahi kulalamika juu ya jambo hilo, ndiyo maana nilidhani lilikwisha. Katika nyumba yangu kazi iligawanywa vizuri tangu mwanzo: yeye alishughulika na nyumba, mimi nikajibu maswali. Sheria za ardhi, uchaguzi, mbolea, dawa gani inywewe kabla ya chakula, yote aliuliza nami nikajibu, na sikumbuki kupingwa.

Ubao wenu ulipoanza kusema, Wahu alihamisha kiti chake akakiweka karibu na ukuta. Akasema ni kwa sababu ya mwanga, wakati dirisha liko upande mwingine. Akawa anafuma sweta huku akisikiliza. Siku moja ubao ukauliza ni sayari gani iliyo karibu zaidi na jua. Kabla mtoto yeyote hajajibu, Wahu akasema kwa sauti ndogo, "Zebaki." Mara makofi yakalipuka ukutani. Najua alipigiwa mtoto aliyebonyeza. Lakini Wahu aliinamisha kichwa kwenye sweta lake akatabasamu, na tabasamu hilo, Madam, sikuwa nimeliona kwa muda mrefu sana, na halikuwa langu.

Jioni moja tukinywa chai akaniuliza, "Baba Debra, moyo una vyumba vingapi?"

Nikamjibu bila kusita kwamba ni viwili. Asubuhi yake ukuta ukasema vinne. Wahu alinimiminia chai, akaniongezea sukari, akanipa kikombe kwa upole. Afadhali angenicheka.

Tangu hapo mambo yamekwenda mrama. Kwenye mkutano wa akina mama kanisani alimweleza mchungaji jinsi mwezi unavyoweza kulifunika jua, akitumia chungwa na kifuniko cha sufuria, na mchungaji akamshukuru mbele ya watu. Kisha ukuta haukumtosha. Asubuhi moja alivaa koti lake la Jumapili, akatia daftari kwenye kiondo, akaniaga kama mtu anayekwenda kazini, akavuka kwenu. Aliporudi alisimama katikati ya sebule akiwa ameinua kidole.

"Nimeugusa," akaniambia.

"Umegusa nini?"

"Afrika. Ukiigusa inafunguka, unaingia ndani mpaka unaona mito."

Hakunawa kidole hicho hadi wakati wa kula, na chakula chenyewe nilikipasha moto mimi.

Nilikuja shuleni siku ya pili kumtaka Mwalimu Maxwell ajieleze. Nilimkuta mke wangu dawati la nyuma, katikati ya watoto wanaomwita Shosho, akingoja zamu yake kama wao. Mwalimu alinitoa nje kwa heshima ambayo sikuiomba.

"Mzee, Shosho hasumbui mtu," akasema. "Anajibu akiulizwa tu."

Nilirudi nyumbani nikiyatafakari maneno hayo. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwuliza Wahu kitu kisichohusu chakula au funguo. Sikukumbuka. Naona kwamba hilo pia ni kosa la shule, ingawa bado natafuta kifungu cha kuwashtakia.

Kwa sababu hizo, Madam, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

Kwanza, ubao huo uondolewe na mrudie chaki, ambayo haijawahi kunguruma. Hilo likishindikana, upelekwe Kitisuru, ambako nyua ni pana na miti ni mingi, na simba akinguruma darasani sauti yake itaishia kwenye maua kabla haijamfikia mtu anayenyoa ndevu. Watu wa huko wakikosa kuutaka, upelekwe Dagoretti karibu na kichinjio, kwa kuwa ng'ombe wa huko wana mambo mengine ya kufikiria na hawatahangaishwa na sauti ya ndama.

Na ikiwa yote hayo hayawezekani, basi naomba rasmi, nikiwa na akili timamu, kwamba Bi. Wahu Mwaura afukuzwe shule.

Sababu ninazo. Hana sare. Hana nambari ya usajili. Umri wake haulingani na wa gredi hiyo hata ukihesabiwa kwa huruma. Huja na nduma za kuchemsha na kuwagawia wenzake, jambo ambalo mimi niliyeona kesi nyingi naliita kwa jina lake, hongo, kwani watoto sasa humpisha mbele kwenye foleni ya kugusa ubao. Kazi ya nyumbani mnayompa huifanya yote, lakini kazi ya nyumbani kwenyewe imelala. Isitoshe, anavuruga amani ya ndoa kwa kujua mambo. Mwanafunzi mwingine mwenye makosa kama hayo mngemwita mzazi wake. Mjue kwamba wazazi wake ni marehemu, kwa hiyo ninayestahili kuitwa ni mimi, na niko tayari kuja wakati wowote mtakaotaja, nikiwa nimenyoa.

Msipochukua hatua, nitalazimika kulipeleka suala hili kwa chifu, kisha kwa wakubwa wa elimu, kisha kwa mchungaji, ingawa huyo wa mwisho simwamini tena tangu ile siku ya chungwa.

Nisalimie walimu wote, mpishi wenu ambaye harufu ya maharagwe yake hunifikia ikiwa salama, na askari wa lango, umwambie kwamba ng'ombe hana kitambulisho. Wasalimie pia watoto wa Gredi ya Tano. Sina ugomvi nao. Wanasoma kwa sauti nzuri.

Ni mimi jirani yako, mwenye subira inayokaribia mwisho,

Zachariah Mwaura
Karani wa Mahakama (Mstaafu)

N.B. Barua hii ilikaa mezani kabla sijaileta, kwa sababu transfoma ya upande wenu ililipuka. Naona stima haijarudi shuleni, na mafundi wanasema wanangoja kifaa. Kwa hiyo ubao umenyamaza na Wahu amerudi nyumbani kama nilivyoomba. Kiti chake amekirudisha dirishani. Chakula kinakuja moto, kwa wakati wake. Nyumba ni kimya kabisa. Nilijaribu kusinzia, nikashindwa.

Jana usiku alikaa kitandani akaniuliza kwa nini mwezi hautuangukii. Nilifungua kinywa kumjibu kama kawaida yangu, kisha nikamwambia sijui. Alinigeukia akanitazama sana. Akasema naye hajui, walikuwa wamefika hapohapo stima ikapotea. Nikamwuliza yeye anafikiri ni kwa nini. Tuliongea juu ya mwezi mpaka tukalala, na hakuna hata mmoja wetu aliyepatia.

Madam, stima ya ploti yangu haiko kwenye transfoma ile. Asubuhi hii nimemwita fundi Maina, amevuta waya kutoka kwangu, ameupitisha juu ya ukuta na sasa unaning'inia nje ya dirisha la Gredi ya Tano. Mwambie Mwalimu Maxwell auchomeke. Aanzie pale kwenye mwezi, asiruke kitu. Wahu ameshavaa koti. Na sauti iongezwe kidogo tafadhali, maana huku upande wangu kuna mtu ambaye masikio yake si mazuri sana.