Injinia na Bomba la Shaba

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia, wala kitu kingine chochote kinachomtaka mtu aamke mapema. Jina alilipata kwa sababu ya kalamu alizochomeka kwenye mfuko wa koti, zote zimekauka wino. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, akisubiri riziki ya mtu mwingine, aliposikia mkunga mmoja mstaafu akimlalamikia muuzaji. Mama huyo alikuwa akipika bia nyumbani, na bomba lake la shaba la kupozea bia inapotoka motoni, lililojisokota kama springi ya godoro, lilikuwa pana mno kwa sufuria yake mpya. Alitafuta wa kulikunja upya.

Injinia alisikia neno shaba tu. Wanunuzi wa vyuma chakavu huipenda shaba kuliko wanavyowapenda wake zao.

Akajitambulisha kuwa bingwa wa mabomba. Walipofika kwa mama, akaeleza, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba kazi ile inataka mashine iliyoko kwenye karakana yake, hivyo itabidi aondoke na bomba. Mama hakubisha. Aliomba tu amkunjie kwanza mzunguko mmoja pale uani, auone mkono wake.

Injinia akavuta kwa nguvu, bomba likaanza kubonyea. Mama akasema kwa upole kwamba labda amesahau kulijaza mchanga. Injinia akajibu kuwa alikuwa anampima. Wakalijaza mchanga mkavu, wakaziba ncha kwa vitambaa, naye akalizungusha taratibu kwenye sufuria ndogo. Likatii. Mama akamsifu, na mtu aliyezoea kufukuzwa hana kinga dhidi ya sifa. Akakunja mzunguko mwingine, na mwingine, mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa ua na bomba likaisha. Lilipendeza kiasi kwamba alisikia aibu kidogo kuliiba.

Akasema sasa alipeleke karakana likasafishwe. Mama akasema kusafisha ni maji tu. Akalisuuza, akaliingiza ndani, akafunga kufuli. Kisha akafungua lango, wakaingia wanawake watatu wa kikundi chake cha kupika bia, kila mmoja amekumbatia bomba lake. Nyuma yao mume wa mmojawapo, mwenye mabega kama kabati, akaweka stuli langoni akakaa.

"Niliwapigia simu ulipozama kazini," mama alisema. "Malipo wameshanipa mimi."

Ikabidi Injinia atumie silaha ambayo hakuwahi kuigusa maishani: ukweli.

"Mama, mimi si fundi. Nilitaka kuliiba bomba lako nikaliuze."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema mafundi wazuri wote ndivyo walivyo, ukiwasifu wanajishusha. Mkunga peke yake hakucheka. Alimsogezea ndoo ya mchanga, akamwinamia sikioni.

"Najua, mwanangu. Fundi gani anakuja bila hata bisibisi? Kunja."

Injinia akavua koti.