Kikohozi cha Ekzosi ya Marehemu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Zimebaki siku tano. Jumamosi ni misa ya kutimiza mwaka tangu afariki baba mkwe, Katekista Melkior. Mama mkwe ametamka mbele ya ukoo: pikipiki ya mzee ikifika kanisani na sauti yake ileile, mtunzaji anairithi. Mtunzaji ni mimi! Valence, mwanyumba wangu aliyeoa mdogo wa mke wangu, abaki na bajaji yake.

Ni pikipiki ya mwaka sabini na nne. Mbinu yangu: haitembei hata hatua moja. Kila asubuhi naiwasha dakika mbili, mama mkwe aisikie ng'ambo ya ua, nazima. Ekzosi naisugua kwa majivu na limau. Inang'aa mpaka naona meno yangu.

Leo imekohoa. Mara tatu, kikavu, halafu kama mtu anavuta pumzi. Ndivyo alivyokohoa marehemu kabla ya kuanza rozari. Baridi tu hii.

Jumatano, 4 Juni

Imekohoa tena. Mama mkwe akaja mbio, akauliza nani kakohoa. Nikamwonyesha ekzosi. Akapiga magoti, akaisemesha Kiiraqw taratibu, kiganja juu ya bomba. Alisema tangu msiba hajamsikia mwenzake ila leo. Machozi yakanilenga. Kisha nikamkumbuka Valence, nikafurahi.

Mchana nimemwita fundi Sosthenes kwa siri. Kaigonga kwa spana, ikachakacha kama debe la mahindi. Akasema imeoza kwa ndani. Eti moshi una maji, injini isipopata moto wa kutosha maji yanabaki humo yanakula chuma. Eti dakika mbili zangu ndizo zinazoiua! Alitaka aweke ekzosi nyingine. Nimekataa. Nyingine haitakohoa. Na chuma kinachong'aa hivi kitaozaje? Wivu!

Alhamisi, 5 Juni

Jana jioni niliizungushia bati la kopo la mafuta ya kupikia, nikakaza kwa waya, nikapiga rangi ya fedha. Imependeza! Nikachomoa plagi, ambayo bila hiyo injini haiwaki, nikaitia mfukoni, Valence asije akaichezea.

Saa moja asubuhi nanywa uji, ukungu wa ziwa umefika mlangoni. Ikakohoa. Mara tatu. Nikapapasa mfuko. Plagi imo.

Kijiko kilinidondoka. Mke wangu Devotha akauliza kwa nini simwamkii baba. Nikamwambia anywe uji wake.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Nimejifungia chumbani.

Tuliisukuma mpaka kanisani. Watu wote nje, mama mkwe kwenye kiti cha mbele. Nikarudisha plagi, nikapiga kiki. Ikakohoa mara tatu. Mama mkwe akasimama, akamwita mumewe kwa jina. Nikaongeza mafuta ili akohoe zaidi.

Ekzosi ikapasuka katikati. Kutu nyekundu ikamwagika mpaka kwenye viatu vya Valence, beseni zima, na pikipiki ikanguruma kama lori la mchanga. Nikazima. Mama mkwe akasema huyo siye. Akachota kutu yote kwa mikono, akaifunga kwenye kitenge chake, akaenda kuifukia kaburini. Aliporudi alisema amemzika mumewe mara mbili, na mara ya pili nimemuua mimi.

Pikipiki kapewa Valence. Sosthenes ameweka ekzosi mpya. Inaimba vizuri. Mama mkwe haangalii hata upande ule.

Jumatatu, 16 Juni

Bahati imerudi! Benson wa Sigino anakwenda Mbulu kwa mwezi mzima, kaniachia pikipiki ya marehemu babu yake. Kuukuu kuliko ile! Nimemtoa wasiwasi: kwangu haitembei, nitaiwasha dakika mbili kila asubuhi, basi. Nikimtunzia vizuri huenda akaniachia kabisa.

Nimeisugua kwa majivu na limau. Asubuhi hii nimeiwasha kwa mara ya kwanza. Ikakohoa mara tatu, kikavu, kisha ikavuta pumzi. Nikaamkia, shikamoo baba. Halafu nikazima upesi, isije ikachakaa.