Neno Lililolinda Kondoo

Jumatatu, 6 Machi 1882
Barua kutoka kwa watunzi wa Kamusi kuu ya Kiingereza! Wanatafuta ushahidi wa neno *heed*, yaani kutia maanani. Atakayepeleka sentensi kongwe kuliko zote, jina lake litachapwa ukurasa wa mbele. Nalisoma tayari jina langu: Jethro Oldroyd, mwalimu mstaafu! Shida ni jirani yetu, Bi Murgatroyd. Keshapeleka vikaratasi mia tisa, neno pembeni, sentensi chini. Mwanamke hachoki! Mke wangu Hester kaenda kwa dada yake. Kaniachia kondoo wake wa pekee, mimba imekomaa. Akasema nisimwondolee macho. Nikamwambia atulize moyo.

Jumanne, 7 Machi
Theluji. Brandt, yule fundi saa Mjerumani, kaniambia katika lugha yao ndugu wa neno hili bado yuko malishoni: ndilo la kuchunga kondoo. Nikafungua kitabu kikuukuu cha Kiingereza cha kale, nilichoazima kwa kasisi. Mungu wangu! Hata letu zamani lilikuwa kulinda, kutunza! Miaka elfu! Mtu na fimbo yake, amesimama katika theluji kama hii. Baadaye likapungua, likawa kuangalia tu, kisha kusikia onyo. Leo limebaki kwenye mahubiri na vibao vya onyo madarajani. Nilishika kalamu nikalia, sioni haya kusema. Kama kulikuwa na kelele zizini, sikuzisikia.

Jumatano, 8 Machi
Fedheha. Hester karudi, kamkuta Bi Murgatroyd zizini, damu hadi viwikoni, mwanakondoo kamzungushia shali yake. Alisikia kilio cha kondoo toka nyumbani kwake, akaruka ua. Na miaka yake sabini! Hester akauliza mimi nilikuwa wapi. Nikasema nachunguza maana ya kulinda kondoo. Bi Murgatroyd akacheka hadi akakaa chini. Hester hakucheka.

Alhamisi, 9 Machi
Hester kaenda sokoni. Kaniamuru nikae zizini mpaka arudi, la sivyo vikaratasi vyangu vyote motoni. Nikakaa. Kondoo kasimama juu ya mwanawe, hapepesi jicho. Nikikohoa tu, ananigeukia. Ndilo neno lenyewe, la miaka elfu, li hai mbele yangu! Sijapata kuona jambo kubwa namna hii. Nikalisukuma lango kwa bega, nikakimbilia mezani kuliandika kabla Bi Murgatroyd hajaniwahi. Kikaratasi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika!

Nasikia kwato barabarani, kubwa na ndogo. Kuna watu hata kufunga lango hawajui.