Gari la Kumpeleka Aune

Jumamosi, 16 Novemba

Theluji ya kwanza ya maana. Imefunika sanduku la barua. Wanaume wa Kivilahti wamo msituni wakiwinda kulungu, kwani msimu ulifunguliwa jana. Mimi nimebaki mjini na jambo zito kuliko kulungu.

Aune, binti yetu wa pekee, atajifungua katikati ya Desemba. Mumewe, Curtis, yumo melini akisafirisha mawe ya chuma, na meli za Ziwa hazifungi msimu hadi Januari. Hospitali iko ng'ambo ya Mlima wa Shaba, mwendo wa saa nzima barabara ikiwa na huruma. Lazima mtu ampeleke. Nilichukulia kwamba mtu huyo ni baba yake. Sikujua kuwa kiti hicho kina mgombea mwingine.

Jioni, kuoga mvuke katika kibanda cha sauna, nyumbani kwa Reino Takala. Reino ni kaka wa mke wangu Lempi, na tulifundisha shule moja hadi tulipostaafu: yeye kemia, mimi historia na ufasaha wa kusema. Alimwaga maji juu ya mawe ya moto, akangoja mvuke unizibe kinywa, ndipo akanijulisha kwamba Aune amemwomba yeye. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu umtie mama mchungaji mtaroni, shem."

Jambo la mtaro ni la Februari. Mama mchungaji hakuumia. Alipoteza kofia tu, na kofia ilionekana Aprili, theluji ilipoyeyuka. Gari langu la wakati ule lilivutwa na magurudumu mawili ya mbele. Kosa lilikuwa la gari.

La Reino nalo huvutwa na mawili. Dogo, limeliwa na kutu, mlango mmoja wa rangi nyingine. Lakini ana matairi ya theluji na gunia la mchanga kwenye buti la kulitia gari uzito, na kwa vitu hivyo viwili anajiona amirijeshi.

Nimeamua. Nitanunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimezungumza na Aune mezani kwake, kwa kahawa na mkate wa iliki. Nimemweleza juu ya wajibu wa mzazi, historia ya usafiri katika nchi za baridi, na heshima ya ukoo wa Kestila. Alinisikiliza huku akijikanda kiuno. Kisha akasema, "Baba, mimi sitaki hotuba. Nataka kufika."

Hata hivyo hajafunga mlango. Ataamua Jumapili ya kwanza ya Majilio. Ikifika siku hiyo nami sina gari la kuaminika, mjomba wake ndiye atakayempeleka.

Alipokuwa akinisindikiza alishika nguzo ya baraza, akanitazama kwa namna aliyonitazama alipokuwa mdogo na radi zikipiga. Anaogopa ule mlima. Sikumwambia kwamba nami nauogopa.

Jumatano, 20 Novemba

Kwa LaBine, muuza magari. Nimeonyeshwa matatu. La kwanza pana na la chini, mfano wa bata. La pili refu, linakunywa mafuta kama msiba unavyokunywa kahawa. La tatu rangi ya divai, viti vya ngozi vyenye joto, magurudumu yote manne yakivuta yenyewe bila kuulizwa. Nikalichagua la tatu. Lina haiba ya uongozi.

Lempi aliuliza juu ya bima. Akauliza juu ya mafuta. Akauliza juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ile inayokula chuma kutoka chini. Nikamjibu kwamba gari huanza kukugharimu pale unapoacha kulitunza, na mimi ni mtunzaji. Akauliza juu ya matairi ya theluji.

Hapo nilisimama. Nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba gari hili limekuja na matairi ya misimu yote. Kwamba kipupwe ni msimu. Na kwamba kwa hiyo kimo ndani ya hesabu. Hakuna aliyeweza kuipinga hoja hiyo. LaBine alikuna kidevu tu, akasema, "Kuvuta linavuta kwa manne, mwalimu. Kusimama, magari yote husimama kwa manne."

Nimeipokea kama sifa kwa magari yote.

Kwa fedha iliyobaki nimenunua bendera nyekundu ya kufunga kwenye antena, ili tuonekane njia panda kingo za theluji zitakapotupita kimo. Kila mtu hapa anayo. Yangu ni ndefu kuliko ya Reino.

Jumamosi, 23 Novemba

Reino amelikagua gari kabla ya sauna. Alilizunguka kimya, mikono nyuma, kama aendaye kununua ng'ombe. Akainama, akapitisha kidole kwenye tairi.

"Zuri, shem. Ila umelivisha viatu vya kanisani."

Nikamjibu kwamba anayekwenda kumpokea mjukuu hana budi kuvaa vizuri. Lempi alicheka. Sikufahamu alikuwa akimcheka nani, na sikuona haja ya kuuliza.

Jumapili, 1 Desemba

Siku ya uamuzi. Niliipanga kama mtu apangavyo hotuba: utangulizi, kiini, kilele.

Kanisa letu limejengwa juu ya kilima, na njia yake usiku ilikuwa imeganda mfano wa kioo. Waumini wengi waliacha magari chini wakapanda kwa miguu, wameshikana. Reino alipanda kwa gari lake polepole, akinguruma, kama mzee apandaye ngazi na gunia. Nikangoja mpaka watu wote wamekusanyika mlangoni. Ndipo nikaja.

Sijapata kuona kitu kama kile. Magurudumu manne yalishika barafu, na gari likapanda kimya, bila kuteleza hata unyayo, kama sala. Wazee walivua kofia. Mama mchungaji alishika ya kwake.

Kileleni palikuwa na jambo dogo. Nilikanyaga breki, nalo gari likaendelea kufikiri. Likaingia kwenye tuta la theluji hadi kwenye taa, taratibu, bila dhara. Nikashuka na kuwaeleza waliokuwapo kwamba nimeegesha. Reino alikohoa ndani ya skafu kwa muda mrefu.

Lakini Aune alikuwa ameona kule kupanda. Akanishika mkono. "Haya, baba. Utanipeleka wewe. Ila mjomba atufuate nyuma."

Nimemruhusu Reino atufuate nyuma. Mshindi hana budi kuwa na moyo mpana.

Jumamosi, 14 Desemba

Baridi ya kupasua miti. Aune amesema tumbo limeshuka; ni leo au kesho au keshokutwa. Gari limejaa chumvi. Haifai mtoto wa ukoo wetu apokewe na gari lenye uchafu, na zaidi ya hapo chumvi ndiyo mama wa gharama zote.

Baada ya sauna, leo nyumbani kwetu, palibaki pipa zima la maji ya moto. Nilikuwa na joto mwilini, nimevaa taulo na viatu vya manyoya, akili yangu safi kabisa. Nikatoka nikaliosha gari: boneti, paa, milango yote minne. Mvuke ulipanda hadi kwenye nyota. Lempi alifungua dirisha akasema, "Onni, usilimwagie gari maji kwenye baridi hii." Nilimwambia kwamba maji ni ya moto. Akafunga dirisha.

Maji yaliniishia kabla sijafika nyuma. Nitaumalizia mlango wa buti kesho.

Jumapili, 15 Desemba



Tulikuwa tunakunywa kahawa ya asubuhi Aune alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa fupi. "Baba, njoo." Theluji ilikuwa ikianguka kwa upande. Nilivaa suti, nikatoka, nikashika mlango wa dereva. Haukufunguka. Wa abiria nao. Yote minne. Gari lilikuwa limevaa barafu kama keki ya harusi, na ndani ya barafu hiyo milango ilikuwa imekuwa ukuta.

Ule wa buti, ambao sikuuosha, ukafunguka. Historia itaona kwamba niliokolewa na kazi niliyoiacha nusu. Niliingia kwa tumbo, nikatambaa juu ya viti, Lempi akinisukuma nyayo na kusema maneno ambayo sitayaandika. Alipoufunga mlango wa nyuma, nikawa kwenye usukani. Nikaondoka.

Niseme kwa haki: gari lilikwenda. Lilipasua theluji ya magoti. Lilipanda mtaa wa kanisa bila kusita. Kutoka hapo barabara hushuka moja kwa moja kuelekea ziwani. Nyumba ya Aune iko katikati ya mteremko, na mwisho kabisa, upande ule ule, ni ya Reino.

Nilimwona binti yangu barazani na begi lake. Nikakanyaga breki.

Magurudumu yote manne yalisimama. Gari halikusimama. Tulimpita Aune kwa mwendo wa mtu atembeaye, tukitazamana. Niliinua mkono. Sijui kwa nini niliinua mkono. Kisha gari likageuka taratibu likitanguliza mgongo, likavuka ua wa Reino, likaangusha rundo lake la kuni, likajiegemeza kinyumenyume kwenye mlango wa sauna. Tairi moja likapasuka. 

Sikuumia. Lakini milango minne ilikuwa imeganda, na wa tano ulikuwa umebanwa na sauna. Nilikuwa ndani.

Reino alitokea kwenye theluji, amevaa koti juu ya pajama. Akasafisha kioo kwa kiwiko, akachungulia. Nilingoja mzaha. Hakufanya mzaha. Aliuliza kama miguu inasogea, nikaisogeza, akakimbia kwenye gari lake. Nikamsikia akipanda mteremko hadi kwa Aune, kisha wakarudi wote wawili hadi nilipo, kwa sababu Aune hakukubali kuondoka bila kuniona. Akaweka kiganja kiooni. Uso wake ulikuwa na jasho katika baridi ile.

"Baba, uko mzima?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi sisi tunakwenda."

Nilitazama gari lile la kutu likipanda. Liliteleza kidogo, likashika, likaendelea. Kwa muda niliona bendera yao ndogo juu ya kingo za theluji, kisha sikuiona. Nimehutubia watu maisha yangu yote, na katika saa ile nilipata maneno mawili tu, nikayarudia: wafike salama. Wafike salama. Viti vilikuwa vikinipasha joto mgongo, nami nilikuwa nikitetemeka.

Lempi alikuja kwa miguu. Hakusema lolote juu ya maji ya moto. Alisimama nje ya kioo, theluji ikimrundikia mabegani, jirani mmoja akihangaika na kufuli kwa dawa ya kuyeyusha barafu. Hatimaye simu yake ikalia. Aliisoma, akafumba macho, akaigandamiza kwenye kioo ili nami nisome. Lilikuwa neno moja: Tumefika.

Jumatatu, 16 Desemba

Mtoto wa kiume. Mzima, mzito, mwenye sauti. Ameitwa Reino.

Jina lake la pili ni Onni. Wajuao mambo hufahamu kwamba jina la pili ndilo lenye uzito, kwani la kwanza huchakaa kwa kuitwaitwa.

Reino mkubwa alinipeleka kumwona. Nilikaa nyuma, karibu na gunia la mchanga, kwa kuwa Lempi alikaa mbele. Njia nzima hakunisema. Tulipofika kileleni aliteremsha gia, akaniambia bila kugeuka, "Shem, kule kupanda kwa kanisani lakini. Kule nilikuvulia kofia." Nikatazama nje. Wakati mwingine theluji huingia machoni hata mtu akiwa ndani ya gari.

Aune aliniwekea mtoto mikononi. Nikafungua kinywa niseme jambo linalostahili siku hiyo. Sikupata neno. Aune akasema ndiyo hotuba yangu nzuri kuliko zote.

Jumanne, 24 Desemba

Fundi wa gereji amenijulisha kwamba tairi lililopasuka halibadilishwi peke yake. Gari la namna hii, asema, linataka matairi yote manne yalingane. Ukichanganya jipya na yaliyolika, mashine inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma huungua, na kuitengeneza ni kununua gari la pili. Nimemshukuru kwa maoni yake. Nimenunua moja. Yale matatu hayakufanya kosa lolote.

Jioni, samaki na viazi nyumbani kwa Aune. Kisha zawadi. Reino na Aune walinitoa nje hadi barazani wakaondoa turubai. Matairi manne ya theluji. Mapya, meusi, meno kama ya simba, yananuka raba. Reino alinipigapiga bega akasema sasa gari limepata buti za kazi. Aune alikuwa na mtoto kifuani. Akanisihi niyafunge kesho ileile, maana anataka baba yake ndiye awarudishe hospitali kwa chanjo.

Niliguswa sana. Niliyabeba moja moja hadi nyumbani kwenye kigari cha kuburuta, nikayafuta kwa kitambaa. Sijapata kumiliki matairi mazuri namna hii.

Nimeyaweka ghalani, nikayafunika blanketi. Nje kuna chumvi, barafu na matope ya theluji, na itakuwa hivyo hadi Aprili. Vitu vya thamani kiasi hiki havipelekwi kwenye uchafu wa namna hiyo.

Nitayafunga Mei.