Ombi la Kuitangaza Kompyuta ya Sebuleni Kuwa Marehemu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vitu Chakavu,
Chumba cha kulala, upande wa dirishani.

Mheshimiwa Mwenyekiti na mke wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, kwa kuwa nakusikia jikoni unaimba. Ningeweza kuja kukueleza kwa mdomo, ni hatua kumi na mbili tu, lakini utaratibu wako naujua: maombi ya mdomo hayapokelewi. Miaka ishirini na sita ulitunza stoo ya hospitali, na ulipostaafu ukaihamishia stoo hapa nyumbani pamoja na sheria yake. Kitu kipya hakiingii mpaka cha zamani kirudishwe kikiwa kimekufa, na kifo chenyewe ukishuhudie kwa macho yako. Birika lilikufa mbele yako, likapata mrithi. Pasi nayo ilikufa mbele yako, tukaiaga kwa heshima. Kompyuta tu ndiyo inayokataa kufa ukiwepo, na hicho ndicho kilio changu.

Kama unavyojua, kila Jumamosi saa tisa alasiri, nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza saa, mimi na kaka yangu mkubwa hushindana mbio za magari kwenye kompyuta, yeye kwake na mimi kwangu, tukisikilizana kwa vile vidude vya masikioni. Binti yetu ndiye aliyetuwekea gemu hilo, akatuunganisha, akatuonya tusigombane. Tumeshindana mara arobaini na moja, na mara zote arobaini na moja nimekuwa wa mwisho. Hata yale magari yasiyo na dereva, yanayoendeshwa na gemu lenyewe, hunipita yakinipigia honi. Sipendi kumsingizia mtu, Mheshimiwa, kwa hiyo naisingizia kompyuta, na sababu zangu ni hizi:

1. Gemu linachukua dakika kumi na moja na sekunde arobaini kufunguka. Sikukisia. Muda ndio kazi yangu. Nimepima kwa saa tatu, mojawapo ya mteja, na zote zimekubaliana, jambo lisilotokea mara nyingi kibandani kwangu. Muda wote huo kaka yupo masikioni mwangu na sina pa kukimbilia. Nalazimika kuzungumza naye. Unakumbuka kwamba tangu tulipogombania saa ya ukutani ya marehemu baba, miaka saba nzima, tulikuwa tunapeana mikono misibani tu na kuulizana habari za barabara. Sasa tazama hasara niliyopata. Jumamosi ya kwanza tulizungumzia mvua. Ya pili, magoti yake. Ya sita akanikumbusha alivyonibeba mgongoni mpaka shuleni siku kiatu changu kilipokatika, jambo nililokuwa nimelisahau kwa raha zangu. Na Jumamosi iliyopita akakohoa, akasema ile saa ya baba haijatembea hata siku moja tangu aichukue, na kwamba anaona haya kuipeleka kwa fundi kwa sababu fundi anayemjua ni mmoja tu. Kabla sijamjibu, mbio zikaanza. Mtu ameketi kucheza, anajikuta anapangusa miwani. Nauliza kwa heshima zote, huo ni mchezo gani?

2. Mbio zikianza, kompyuta inaganda. Inapenda zaidi kuganda kwenye kona. Gari langu linabaki limeinamia upande mmoja, na kaka, akiona nimesimama katikati ya barabara, huniuliza, "Bado upo?" Nami hujibu, "Nipo." Wiki iliyopita aliniuliza mara kumi na nne. Mtu wa umri wangu kuulizwa mara kumi na nne katika alasiri moja kama bado yupo, tena na mtu aliyenizidi miaka sita! Kwa haki, swali hilo lilipaswa kutoka kwangu.

3. Feni. Jirani wa ukutani aliniuliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Niliona haya kusema ukweli, nikamwambia ndiyo. Lile debe la mahindi ulilolikuta mlangoni ukalishangaa, basi ndiyo maelezo yake.

4. Unafiki. Hili linaniuma kuliko yote. Siku ile ulipokuja kukagua, ulivaa miwani yako ya kazi na kushika daftari la stoo. Kompyuta ileile inayonihangaisha ikafunguka kwa dakika mbili, kimya kama mtoto aliyevunja kikombe. Ukasema ujaribu mwenyewe. Wewe, ambaye hujapanda hata baiskeli, ukawa wa tatu. Kaka akakupongeza. Ukaandika NZIMA kwa wino mwekundu, ukanipa nisaini, nami nikasaini. Ulipovuka tu kizingiti, ikaganda. Nilikuita. Uliporudi ikazinduka. Nikakuita tena, ukasema una kazi.

5. Nimetafuta ushauri wa fundi kompyuta, yule jirani yangu wa kibandani. Kwanza alisema inatosha kuongeza memori. Kisha akasema memori mpya itataka kadi mpya ya picha. Kadi itataka kisanduku cha umeme chenye nguvu, kisanduku hakitaenea kwenye kasha hili, na kasha jipya halitapatana na bodi ya zamani. Nilikwenda kutafuta kifungo, nikaambiwa nishone suti. Kitakachobaki ni kipanya, ambacho mkia wake umefungwa utepe. Lakini hapo hapo ndipo penye nafuu ya kisheria, Mheshimiwa: kama kipanya kimebaki, basi kompyuta haijabadilishwa, imetengenezwa, na sheria yako haijaguswa. Nina mteja mmoja ambaye nimemwekea mishale mipya, uso mpya, mtambo mpya na mkanda mpya, na mpaka leo anajivunia kwamba ile ni saa ya harusi yake. Sijawahi kumsahihisha. (Najua utanikumbusha bango langu la kibandani linalosema KITU CHA ZAMANI HAKITUPWI. Lile ni la wateja.)

6. Ombi likikubaliwa, kuna mambo madogo yanayofuata. Mashine mpya haiwezi kukaa juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ni vitabu, kwa hiyo itahitajika meza. Meza itataka nafasi ya cherehani yako, cherehani itahamia nafasi ya kabati, na kabati litakaa ukumbini, ambako litaziba mlango wa mbele. Sioni tatizo. Tutatoboa mlango mwingine upande wa jirani, ambaye hata hivyo anasubiri unga wake.

7. Ombi likikataliwa, naomba angalau tuwe sawa. Kamati imwandikie mke wa kaka achukue bisibisi na kupunguza nusu ya memori kwenye mashine yao, kaka akiwa bafuni. Tena naomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba nimeachwa peke yangu na kompyuta hii mara mbili nikiwa na jagi la maji mkononi, na mara zote mbili nikanywa maji.

Najua utaniambia mvumilivu hula mbivu. Mimi nimevumilia, mbivu anakula kaka.

Nakusihi, mke wangu. Sitaki ushindi. Nataka niwe wa pili kutoka mwisho mara moja tu kabla meno hayajaisha. Msalimie binti yetu akipiga simu, msalimie mjukuu, msalimie jirani lakini usimkaribishe ndani, na lile birika jipya liambie lisibweteke.

Wako mtiifu, ndani na nje ya kikao,

Mjumbe wa Kawaida Asiye na Kura
(mumeo)

Nyongeza: Barua hii niliiandika jana Ijumaa, na ningeibandika kwenye jokofu leo asubuhi kama fundi kompyuta asingeniazima mashine mpya nijaribu wakati ulipokwenda kwa dada yako. Nakuomba uisome kuanzia hapa, na ya juu uyafute kwa wino wako mwekundu.

Gemu lilifunguka kwa sekunde tisa. Nilikuwa nimesema "Shikamoo kaka," na kabla hajaitikia, taa ya kijani ikawaka. Tukashindana mara tatu. Gari langu halikuganda hata kidogo, na nimekuwa wa mwisho mara zote tatu, kwa hiyo kompyuta yetu naiomba radhi. Kaka akasema, "Haya, Jumamosi," akaondoka. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na nane.

Leo nilikuwa nimeazimia kumwambia ailete saa ya baba. Nilikuwa nimeweka hata bisibisi ndogo mezani. Sikupata pa kulisemea. Utauliza kwa nini nisimpigie simu. Nimpigie nimwambie nini? Wanaume wa ukoo wetu hatuongei mpaka kitu kikwame. Nilikaa mbele ya kile kioo kinachong'aa, alasiri nzima mkononi, na hakuna aliyeniuliza kama bado nipo.

Mashine ya fundi nimeirudisha ikiwa bado ya moto. Yetu nimeirudisha mezani, nimeipangusa vumbi kidogo, si sana. Tafadhali andika tena NZIMA, nitasaini bila kunung'unika. Ila nina ombi moja, na hili nalisisitiza: Jumamosi ijayo ukisikia feni inaunguruma, usiingie sebuleni. Ukiingia, itaharakisha.