Chumvi ya Katwe Katika Lango la Bwera

Jumatano, 10 Septemba

Leo Madam Musimenta, mkuu wa chuo chetu hapa Rukoki, Kasese, ameniita ofisini. Akanipa kiti. Akanipa chai ya maziwa. Nikajua kuna msiba.

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Ila kamati ya michezo imekaa. Imesema mechi ya Jumanne ijayo kule Bwera ndiyo itakayoamua. Tukishinda, mimi Ukasha naendelea kuwa kocha mkuu wa timu ya wasichana. Tusiposhinda, kazi inakwenda kwa msaidizi wangu, Lamunu.

Hatujawahi kuwafunga Bwera. Hata sare hatujui inafananaje.

Nikamkumbusha Madam nilikotoka. Nilikuwa dereva wa Fuso, nabeba saruji. Siku moja nikabeba timu ya wasichana kwenda mechi. Kocha wao wa wakati ule akashuka njiani kununua muwa, hajarudi mpaka leo. Filimbi ilibaki kwenye kiti. Nikaishika, sijaiachia. Madam akasema anaijua hadithi hiyo, namsimulia kila muhula.

Lakini nashukuru. Wenzangu wengine hufukuzwa kwa simu. Mimi nimetishwa kwa chai, tena yenye sukari ya kutosha.

Tatizo ni Lamunu. Binti wa kambini, baba yake mwanajeshi kutoka kaskazini. Alichezea timu ya jeshi mpaka goti likakataa. Akisema "Kimbia!" wasichana wanakimbia. Nikisema mimi, wanauliza waende wapi.

Lazima nifanye mpango.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango tayari! Nimemtuma Lamunu aende Mahango, juu kabisa mlimani, kule ambako hata boda hugeuza. Nikamwambia kuna mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, Biira, aliyerudi nyumbani kumuuguza mama yake. Amtafute, amuulize kama anajua mpira. Mimi simjui Biira. Nilitaka tu Lamunu apotee kutwa nzima, wasichana wanizoee peke yangu.

Nikawafundisha mtindo wangu mpya, unaoitwa Mtego wa Panya. Mabeki wote wanaruka mbele kwa pamoja. Wakaruka. Wakagongana wote. Atuhaire, mshambuliaji wetu, alikuwa amesimama tu anaangalia, naye akajiuma ulimi kwa kucheka.

Jioni Lamunu akarudi. Hakuchoka hata kidogo! Mama mgonjwa amepona, na Biira amekuja naye. Msichana mwembamba, kimya. Tangu utotoni amekuwa akiteremka milima ya Mahango na mzigo wa kahawa kichwani. Kumbe mtu wa namna hiyo ukimweka uwanja tambarare, bila mzigo, hakamatiki. Na mguu wake wa kushoto, subhanallah! Mpira wake wa kwanza ulipita juu ya jiko la chuo, na mpishi akatoka mikono juu.

Wote wakampigia makofi Lamunu. Mimi ndiye niliyemtuma, lakini hakuna aliyelikumbuka hilo. Nimeliandika hapa ili lisipotee.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimekwenda Bwera kupeleleza. Leo ni siku ya soko, watu ni wengi, nani angenitambua? Nilivaa kofia ya majani na koti la shemeji yangu, begani gunia la vitunguu. Nikasimama karibu na uwanja wao nikijifanya mchuuzi.

Kenneth Kiiza, kocha wao, mtu wa suti mpya ya michezo kila wiki, akapaza sauti kutoka katikati ya uwanja: "Kocha Ukasha! Vitunguu ni bei gani?"

Aibu! Akaja, akanikumbatia, akaniletea kiti. Wachezaji wake wakanunua vitunguu vyote. Halafu wakaenda kuoga. Sikuona hata pasi moja.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nikiwa nasubiri chapati, nilikaa karibu na Mama Naimah, muuza mbuzi anayevuka na mifugo yake kutoka upande wa Kongo. Zizi lake liko nyuma ya uwanja ule ule. Tukaongea mpira. Akaniambia kuhusu Hidayah, kipa wa Bwera: "Eh, kocha! Ile mutoto ya golo iko naogopa dawa sana. Mwaka ingine walipata bunyoya ya kuku mu golo, akakatala kuingia mpaka walitosha."

Nikaacha kutafuna. Anaogopa dawa, yaani uchawi! Manyoya tu ya kuku, na hakuingia golini mpaka yalipotolewa!

Nimerudi Kasese nikiimba. Asante Mama Naimah. Asante hata Kiiza kwa kiti.

Jumapili, 14 Septemba

Mimi ni Mwislamu, sifanyi uchawi. Hilo liwe wazi. Lakini mtu akimwaga kitu cheupe golini, na mtu mwingine akakiona akaogopa, kosa la nani? Si uchawi huo. Ni usafi uliozidi.

Nikatafuta kitu cheupe jikoni. Unga, hapana, ni chakula. Majivu yataonekana ya kawaida. Nyuma ya mlango nikaona mfuko wa chumvi ya Katwe, ile ya mawe. Mke wangu Hanifah aliagiziwa na kaka yake.

Hanifah akanikuta nimeukumbatia. Akasema hiyo ni chumvi ya ng'ombe. Nikamwambia asiwe mchoyo, ng'ombe wa kaka yake watapata nyingine. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikasema Bwera, uwanjani, siri ya kazi. Akasema: "Nenda, mume wangu. Mungu ni mkubwa."

Wanaume wangapi wana mke msikivu kama huyu? Nashukuru.

Jumatatu, 15 Septemba

Lamunu ameuliza kama nina mpango wa mechi. Nikasema ninao. Akauliza upi. Nikasema ni siri. Akapiga saluti: "Ndiyo, afande." Mimi sijawahi kuwa jeshini, lakini sijawahi kumkataza.

Biira hana viatu vya mpira. Vya chuo vyote vikubwa. Mchana nikamwona Lamunu amepiga magoti mbele yake, anamfunga kamba za viatu vyake mwenyewe, vile alivyovaa akichezea jeshi. Alivitunza miaka yote na mafuta. Nikahisi kitu kifuani. Nilidhani ni maharage.

Jumanne, 16 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika Bwera kabla ya timu, kwa boda. Uwanja mtupu. Bwera siku zote huanza na lango la upande wa soko, kila mtu anajua. Nikalimwagia chumvi lango hilo kutoka mlingoti hadi mlingoti. Nikabakiza kidogo mfukoni kwa dharura. Hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi kadhaa wa Mama Naimah waliokuwa zizini. Walisimama wote wakanitazama kwa heshima.

Mechi ikaanza. Hidayah akaenda golini. Akaiona chumvi. Akainama. Moyo wangu ukaruka! Akachukua chembe, akaonja. Akasema: "Aa, chumvi tu." Akasimama golini mikono kiunoni.

Hapo ndipo mbuzi walipokuja.

Waliruka ukuta wa zizi kama wameitwa kwa majina. Wakapita katikati ya mabeki, wakaingia golini, wakaanza kulamba. Watazamaji wakapiga kelele za furaha. Refa Muhamood akawafukuza, wakazunguka mlingoti wakarudi. Hidayah hakujali hata kidogo, kwao wana mbuzi wengi kuliko watu. Akawapapasa.

Atuhaire akapata nafasi. Akapiga. Mpira mzuri, kipa ameshadanganyika, goli wazi! Ukampiga beberu makalioni ukatoka nje. Refa akasema mbuzi si mchezaji, mpira udondoshwe uanze upya. Atuhaire akanigeukia analia: "Kocha, mbuzi iko timu gani?"

Nilikuwa najificha nyuma ya dumu la maji.

Nikajituliza. Bado mbuzi wanawasumbua wao pia, nikajiambia. Kisha filimbi ya mapumziko. Timu zikabadilishana magoli.

Timu hubadilishana magoli! Miaka yote hii ya ukocha, na jambo hilo halikunijia kichwani nilipokuwa na mfuko mkononi!

Sasa mbuzi wakawa wetu. Kipa wetu Mbabazi amekulia kambini, hajawahi kufuga hata kuku. Beberu akamwonyesha pembe, Mbabazi akarudi nyuma, akarudi nyuma, na Bwera wakapiga mpira mwepesi ukaingia. Moja bila! Madam Musimenta alikuwa amekaa na kamati nzima chini ya mwavuli. Sikumtazama. Niliona tayari Fuso na saruji vikinisubiri.

Mama Naimah akaja mbio amejifunga kitenge kiunoni: "Ni mutu gani alimwanga chumvi huku? Mbuzi yangu beko nalamba tu, hawapendi kutoka!"

Watu wote wakatazamana. Lamunu peke yake akanitazama mimi. Akatazama mfuko wangu wa suruali, uliovimba na kuwa na vumbi jeupe. Akanijia. Nikasubiri aseme kwa sauti. Akanyoosha mkono, akasema taratibu: "Afande, ile imebaki, leta hapa. Haraka."

Nikampa. Akachechemea na goti lake mpaka golini, akawaonjesha mbuzi kidogo kwenye kiganja, akatembea akidondosha chembe moja moja kuelekea zizini. Mbuzi wote nyuma yake, mstari mmoja, gwaride kamili. Akamwaga iliyobaki zizini, akafunga mlango. Mama Naimah akakaa juu ya chumvi iliyobaki golini ili mbuzi wasirudi, yeye na kitenge chake, mpaka watu walipoichota pamoja na mchanga.

Lamunu akarudi ukingoni akapaza sauti: "Biira! Kushoto! Twende!"

Biira akateremka upande wa kushoto kama anaiwahi mvua. Shuti. Goli! Moja moja! Baadaye kidogo Biira akapita tena, akamkatia Atuhaire, Atuhaire akausukuma kwa paji la uso. Goli! Tumewafunga Bwera!

Nimepiga kelele mpaka sauti imekwisha. Wasichana wakambeba Lamunu juu. Mimi nikabeba dumu la maji. Alhamdulillah, lilikuwa tupu.

Jumatano, 17 Septemba

Ofisini tena. Kiti. Chai. Lakini safari hii na maandazi, nikajua msiba ni mkubwa zaidi.

Madam akasema tumeshinda, ni kweli. Ila kamati iliona kwa macho yake nani alikuwa akiamrisha. Kwa hiyo jana jioni walimwita Lamunu wakampa ukocha mkuu.

Nikaweka andazi chini.

Akasema Lamunu amekataa.

Aliwaambia kwamba jeshi lilipomwacha na goti lake, alikuwa anakaa langoni pa kambi hajui kesho yake. Dereva wa Fuso akasimama akamuuliza kama anajua mpira, kwa sababu yeye mwenyewe haujui vizuri. Akampa filimbi ya pili siku hiyo hiyo. Aliwaambia Atuhaire na Mbabazi wanacheza kwa sababu dereva huyo alikwenda nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi, na kila nyumba akala bundu, ugali wa muhogo, aliopewa mpaka akaugua tumbo. Alisema: "Kocha mkuu ni yeye. Mimi niko sawa."

Madam akaongeza kwamba alimuuliza Lamunu nani alimwaga chumvi. Lamunu akajibu: "Sijui, Madam. Bwera iko na chumvi mingi."

Nikalia. Sioni aibu kuandika. Nililia mbele ya maandazi.

Nikatoka kumshukuru. Nikamkuta uwanjani. Nikafungua mdomo, nikamwambia koni za mazoezi zikusanywe. Akasema ndiyo, afande. Nikaondoka. Nikafika kwenye mti wa bendera, nikarudi. Nikasema asante. Nikasema tena. Akatazama chini, akasema goti halimuumi sana siku hizi. Tukakusanya koni pamoja.

Naapa hapa, mbele ya karatasi hii: sifanyi tena mipango. Nina kazi, nina Hanifah, nina wasichana, nina Lamunu. Mtu anataka nini zaidi?

Ijumaa, 19 Septemba

Habari njema! Dereva kutoka Bwera ameniletea paja la mbuzi. Limetoka kwa Mama Naimah. Kumbe mbuzi wale baada ya kulamba chumvi walikunywa maji mpaka matumbo yakawa duara, wanunuzi wakadhani wamenona, wakawanunua wote. Mama Naimah anauliza nitarudi lini kucheza tena.

Nimekaa nikafikiri. Mwenye mbuzi amefurahi. Bwera wamefungwa. Kazi ninayo. Basi mpango wangu ulikuwa na kasoro gani? Moja tu: mbuzi.

Na Lamunu amenitetea. Wema wa namna ile haulipwi kwa maneno matupu. Mechi ijayo ni Kinyamaseke, na nataka nimletee ushindi mapema, akae kitini, apumzishe goti. Hii si mipango ile niliyoapa kuiacha. Hii ni shukrani.

Nimemuuliza Hanifah kama chumvi ya Katwe ipo nyingine. Amecheka mpaka ameshika ukuta, kisha akanipa mfuko mzima, mwenyewe, kwa mikono miwili. Mke mwema!

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimempigia simu mtu anayekaa karibu na uwanja wa Kinyamaseke, nikamuuliza mara mbili. Amenihakikishia pale hakuna mbuzi hata mmoja. Ni ng'ombe tu.