Mwadhini Ajifunza Kujihurumia

Jumamosi, 2 Aprili 1960

Bi Zubeida wa nyumba ya tatu kaninyima maji. Nilipita kwake na kiu yangu, nikaomba kikombe kimoja. Akasema mtungi wake leo haufunguliwi, amefunga, analipa siku ya Barakat. Nikamkumbusha kwamba Barakat ni mimi. Akasema anajua.

Ndivyo inavyoitwa sasa Likoni nzima: siku ya Barakat. Ramadhani imekwisha, Idi imepita, mwenye imani angesahau. Nilifanya nini? Niliadhini Maghribi kabla ya jua kuzama. Dakika kumi tu! Watu wakafuturu. Tende zimo midomoni, uji umo vikombeni, ndipo mtu mmoja akanyoosha kidole, na jua lile pale, zima, juu ya minazi. Kwa hiyo mtaa mzima unafunga siku moja ya ziada, na kila anayefunga huja kunijulisha.

Niliwaambia lilikuwa wingu. Humu daftarini naweza kusema: halikuwa wingu. Boga, mwadhini wa msikiti wa juu, alikuwa akinitangulia kila jioni kwa nusu dakika, na watu wa mtaa wangu mimi wakifuturu kwa sauti yake yeye. Nikasogeza saa mbele dakika tano nimpiku. Nilisogeza asubuhi, nikasahau, nikasogeza tena alasiri. Lingemfika mtu yeyote.

Tangu hapo sina raha. Nikikaa kwenye cherehani najitukana. Nikila najitukana. Mke wangu, Mwanasaumu, anasema amechoka kusikia neno punda nyumbani mwake, na kwamba sauti yangu kwenye adhana siku hizi inatetemeka. Kamati ya msikiti inakutana Ijumaa. Wanataka mahali pangu wampe Boga. Miaka kumi na mmoja nimeadhini pale, na kabla yangu aliadhini baba yangu. Wakininyang'anya, nitabaki fundi wa nguo tu, na mafundi wa nguo wamejaa tele.

Mwanasaumu ameniamuru niende kwa Mwalimu Aqil, anayewafundisha watu kutuliza nafsi. Nitakwenda. Kamati wakiniona nimetulia, Boga hana la kusema.

Jumapili, 3 Aprili

Mwalimu Aqil ni kijana. Ndevu zake zinahesabika. Kanikalisha mkekani akaniambia nisifanye kitu, nitazame pumzi inavyoingia na kutoka. Nina miaka arubaini na sita ya kupumua bila msimamizi, lakini nilitazama.

Akasema nafsi ikija kunilaumu nisigombane nayo wala nisikubaliane nayo. Niisikie, nirudi kwenye pumzi. Pumzi ya kwanza ilipita salama. Ya pili pia. Ya tatu nilimkumbuka Boga, nikafura, Mwalimu akaniomba niyalegeze magumi.

Kisha akaniuliza: rafiki yangu akikosea, humwambia nini? Nikasema humwambia ni punda. Akasema anakusudia rafiki ninayempenda. Nikasema huyo huyo. Akafumba macho. Nadhani alikuwa akitazama pumzi yake.

Jumatatu, 4 Aprili

Nimevuka kwenda mjini kununua uzi. Nikaona feri ni mahali pazuri pa mazoezi. Nikafumba macho, nikatazama pumzi. Nafsi ikaja na maneno yake, nikaisikia, nikarudi. Raha iliyoje. Nilipofumbua macho nilikuwa Likoni.

Nilidhani hatujaondoka. Nikafumba tena. Safari ya pili mfanyakazi wa feri alinitikisa bega akaniuliza kama nina degedege. Nikamwambia najihurumia. Akaenda kuwaambia wenzake, wakaja kunitazama. Nimerudi nyumbani bila uzi. Mwanasaumu ameuliza nimekwenda mjini kufanya nini, nikajibu kwamba, kusema kweli, mjini sikufika.

Jumanne, 5 Aprili

Somo la pili ndilo lenye faida. Mwalimu kasema mtu akikosea aweke mkono kifuani, ajiambie kwa upole: nimekosea kama binadamu wengine, na bado nastahili wema. Basi! Miaka yote nimejitesa bure, na dawa iko mkononi mwangu mwenyewe.

Nimeijaribu leo leo. Nilikuwa napiga pasi kanzu mpya ya Mzee Hamoud, mwenyekiti wa kamati. Kaa la moto likaruka likaitoboa kifuani. Siku nyingine ningejipiga kichwa ukutani. Leo niliweka mkono kifuani, nikajisamehe, nikanywa chai.

Mzee Hamoud alikuja kuichukua. Nilimpa shikamoo, nikamwambia palitokea jambo dogo lakini nimekwisha kulimaliza. Akauliza nimelimaliza vipi. Nikasema nimejisamehe. Akaitazama kanzu, akapitisha kidole tunduni, akauliza na tundu je? Watu wengine huwezi kuwafundisha. Ameondoka bila kuaga, mtu mzima kama yule.

Mwanasaumu naye hana shukrani. Nilisahau kuchota maji, nikajisamehe. Nilisahau mafuta ya taa, nikajisamehe. Kwenye chakula cha jioni nikakuta sahani tupu, yeye kaweka mkono kifuani.

Jumatano, 6 Aprili

Nimegundua uchafu. Boga naye ni mwanafunzi wa Mwalimu Aqil. Tena tangu mwaka jana! Kumbe ile sauti yake iliyotulia, ile inayosifiwa na kila mtu, ni ya kufundishwa. Nilimuuliza Mwalimu mbona hakuniambia. Akasema sikuuliza. Nikauliza Boga hukaa muda gani. Akasema haifai kushindana. Nikauliza tena. Akasema nusu saa.

Nikaenda kukaa barazani pa msikiti, pale kila mtu anapopita, ili kamati waone. Nimekaa muda wa nusu saa mara mbili, sikutikisika. Watu walipita, wakasalimu, sikuitika, nimetulia. Bi Zubeida aliniwekea mkono puani kuhakikisha. Nilipotaka kuinuka, miguu yote miwili ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka juu ya viatu vya waumini. Aliyeniinua ni Boga. Hakucheka hata kidogo, akanipangusa kanzu na kuniuliza hali. Mtu anayejua kuudhi huudhi hivyo.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimeachana na Mwalimu Aqil.

Nilikwenda kwa somo la tatu, la mwisho. Nikitegemea la kunipoza zaidi. Kumbe! Kasema mtu akishajionea huruma haogopi tena kulitazama kosa lake, na asiyeogopa kulitazama huweza kulitaja. Kwa hiyo niende nikawaambie watu kwamba halikuwa wingu.

Nilimuuliza nani kamwambia halikuwa wingu. Sikumwambia mtu, hata Mwanasaumu. Akasema Likoni nzima ilikuwa nje siku ile ikisubiri adhana, na hakuna aliyeona wingu.

Nikamwambia nimekuja kupunguziwa, si kuongezewa. Masomo mawili ya kwanza ni mazuri na nitayatumia, hilo la tatu ampe Boga. Akasema Boga amekwisha kulipata. Nikavaa viatu.

Usiku nafsi ilirudi na punda wake wote. Nimeweka mkono kifuani mpaka umechoka. Haikusaidia, na lawama ni za Mwalimu.

Ijumaa, 8 Aprili

Baada ya sala kamati imekaa, na watu wamebaki kusikiliza. Mzee Hamoud, amevaa kanzu kuukuu makusudi, akaniuliza mbele ya wote: siku ile kulitokea nini? Nikaanza na wingu. Kubwa, jeusi, kutoka upande wa Mtongwe. Watu wakatazama chini. Mtu mmoja akakohoa.

Ndipo Boga akaomba ruhusa ya kusema. Nikajua sasa ananimaliza. Wallahi, akaanza kunitetea! Kasema hakuna mwadhini asiyekosea, kwamba yeye mwenyewe mwaka juzi aliadhini Alfajiri nusu saa mapema akawakatiza watu daku, akaomba radhi, akasamehewa. Kasema mimi nina sauti nzuri kuliko yake na msikiti ni wangu, yeye hautaki. Kisha akanigeukia akasema kwa upole: ndugu yangu Barakat, usijitese.

Usijitese! Nani kamwambia ajihurumie kwa niaba yangu? Damu ilinipanda. Nikasimama nikamwambia upole wake akae nao, mimi ninao wangu, nimesomea. Nikamwambia asijitie wema wakati balaa lote limetokana na yeye, yeye na nusu dakika yake kila jioni, kwani ningesogeza saa kama si yeye? Mara mbili nimeisogeza kwa ajili yake!

Nikatambua nimesema nini. Nilitamani mkeka unimeze.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Zubeida, nyuma ya pazia la wanawake. Kisha wote, hata Mzee Hamoud, mpaka akafuta macho. Alipotulia akasema kumbe ni hilo tu, walikuwa wakilingoja mwezi mzima. Kasema saa kukosea si kitu, kosa lingekuwa kuwa na mwadhini ambaye neno lake halisadikiki. Wakaamua: mahali pangu ninabaki napo, kwa majaribio, kuanzia Maghribi ya kesho. Nikikosea tena, basi. Boga akanipa mkono. Watu wote walikuwa wakitazama, sikuwa na njia ila kuupokea.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimekaa chumbani tangu Alasiri, na daftari, nayapima mambo haya kwa utulivu.

Juma zima nimepumua, nimefumba macho, nimeshika kifua. Nimepata nini? Kuanguka juu ya viatu. Kisha nikakasirika kwa dakika moja tu, na mahali pangu nikarudishiwa. Hesabu hii haihitaji mwalimu. Ni hasira iliyoniokoa. Nimemtumia Mwalimu Aqil salamu kwamba mafunzo yake sina haja nayo. Amejibu alhamdulillah. Sijui kafurahia nini.

Nimefunga mlango na madirisha ili nisisumbuliwe, nimewasha taa niandike vizuri. Mwanasaumu amegonga mara tatu, sikufungua. Namwandalia Boga maneno. Hayo ya jana sikuyamaliza, niliingiliwa na kicheko. Nimefika ukurasa wa nne na bado sijaeleza alivyonipangusa kanzu.

Ngoja. Nasikia adhana.

Ni ya Boga! Maghribi, saa hizi! Mtu aliyesema jana mbele ya kamati kwamba ametubu! Nilijua. Nimeandika pembeni: Boga, ameadhini mapema, shahidi ni mimi. Mzee Hamoud lazima apate habari kabla ya sala ya Isha.

Mwanasaumu anapiga kelele mlangoni kitu kuhusu giza. Sina nafasi ya mambo ya nyumbani. Natafuta kofia yangu. Nje nasikia watu, wengi, wanakuja upande huu na jina langu midomoni, na Mzee Hamoud yumo, namjua kwa kikohozi. Sauti zao ni za hasira. Afadhali, hata wao wamemchoka Boga.